Deni kwa Msomaji Mgeni: Fumo Liyongo, Hadithi za Picha na Wasomaji wa Ngao

Makala haya yanajadili swali moja la maadili ya utunzi: anayesimulia upya hadithi ya shujaa kwa maneno na picha anadaiwa nini na msomaji anayekutana na shujaa huyo kwa mara ya kwanza? Mara nyingi swali hili hujibiwa kana kwamba ni la ufundi tu. Husemwa kwamba sentensi ziwe fupi, wahusika wawe wachache, mambo ya nyuma yasimulizwe kwa muhtasari, na msomaji asilazimishwe kutafuta juzuu zilizotangulia ndipo aelewe iliyo mkononi mwake. Ushauri huo hauna kosa kwa upande wa ufundi. Hata hivyo, haugusi jambo lililo zito zaidi, yaani kwamba kila kinachopunguzwa ili msomaji mpya asichoke huhamisha lawama kutoka kwa mhusika mmoja hadi kwa mwingine. Jambo hilo litatazamwa hapa kupitia kisa cha Fumo Liyongo, na mahali pa kulipimia ni Ngao.

Ngao ni makazi ya Wapokomo kandoni mwa mto Tana, upande wa Garsen. Anayeufuata mto kuelekea baharini hufika Ozi na Kipini, ambako masimulizi ya pwani yanadai kuwa ndiko alikozikwa Liyongo. Kwa hiyo jagina huyu si mgeni katika bonde la Tana, ingawa wasomi wamezoea kumtazama kutoka Lamu na Pate. Wala kitabu si kitu kipya Ngao. Wamisheni wa Neukirchen kutoka Ujerumani walijenga kituo hapo katika miaka ya 1880, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, aliandika sarufi ya Kipokomo na kufanya kazi ya kutafsiri Maandiko katika lugha hiyo. Yaani, kwa muda unaozidi karne moja, watu wa nje wamekuwa wakikaa Ngao na kujiuliza msomaji mpya apewe nini kwanza, na kwa lugha ipi. Wamisheni walikuwa na jibu lao. Mchoraji wa hadithi za picha wa leo hana budi kutafuta lake, kwani mtoto wa Ngao huzungumza Kipokomo nyumbani, husoma Kiswahili sanifu na Kiingereza shuleni, na akifika soko la Garsen husikia Kiorma. Akikutana na Liyongo darasani, humkuta katika somo la fasihi simulizi kama mfano wa mighani: sifa zake zimeorodheshwa, naye anatakiwa azikariri kwa ajili ya mtihani.

Kisa chenyewe kinajulikana sana, na hapa yatatajwa yale tu yanayohitajika. Liyongo ni mtu wa kimo na nguvu za ajabu, mpiga mshale asiyekosea, tena mshairi. Sultani wa Pate anamwogopa. Anamtegea watu wamuue kwenye mti wa mkoma, naye anayaangusha makoma kwa mishale bila kupanda. Anafungwa gerezani, mama yake anamletea tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, kwa mkono wa kijakazi Saada, naye anakata pingu huku ngoma ya gungu ikivuma nje. Hakuna silaha inayomdhuru isipokuwa sindano ya shaba ikidungwa kitovuni. Siri hiyo inatolewa na mtu wa damu yake mwenyewe, ambaye katika baadhi ya masimulizi ni mpwa na katika mengine ni mwana. Liyongo anadungwa akiwa usingizini, anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuufunga mshale, na hapo ndipo anapokata roho.

Yeyote aliyewahi kusoma hadithi za picha za Marekani atazitambua dalili zote. Superman, aliyechapishwa mara ya kwanza mwaka 1938, naye hadhuriki ila kwa kitu kimoja. Tofauti ni kwamba Superman hafi, au akifa hurudi, kwa kuwa toleo la mwezi ujao linangojewa na limekwisha kulipiwa. Kutokana na kutokufa huko kukazaliwa tatizo la kipekee: hadithi zilirundikana kwa miongo kadhaa hata msomaji mpya akawa kama mtu aliyeingia arusini siku ya saba. Kampuni ya DC ilijaribu kulitatua katika 1985 na 1986 kwa kuziangamiza dunia zake nyingi za kubuni na kuanza tena na moja. Kampuni ya Marvel ilipofika mwaka 2000 ilimwanzisha Spider-Man upya katika mfululizo wa kando, ili kijana asiyejua lolote apate mlango wa kuingilia bila kuifunga nyumba ya zamani. Mbinu hizi mbili zinafaa kuchunguzwa, lakini mtambaji wa fasihi simulizi angezistaajabia kidogo. Kwake yeye kila usiku ni toleo la kwanza. Huitazama hadhira yake, akaona nani ni mtoto, nani ni mgeni, nani amewahi kukisikia kisa hicho mara kumi, akarefusha hapa na kufupisha pale. Hahitaji kuangamiza dunia yoyote.

Hata hivyo, si kila anayemjali msomaji mpya humheshimu. Mwaka 1975 wachoraji Waingereza, Dave Gibbons na Brian Bolland, walikuwa wakichora London hadithi za shujaa aitwaye Powerman kwa ajili ya soko la Nigeria. Visanduku vya picha viliwekewa nambari, moja, mbili, tatu, kwa kudhaniwa kwamba msomaji wa huko hangejua kipi kinafuata kipi. Inawezekana kabisa kuwa nia ilikuwa njema, na michoro yenyewe ilikuwa ya mikono iliyokuja kusifiwa duniani kote. Lakini nambari zile zilimwambia msomaji jambo ambalo hadithi haikulisema, kwamba ameonekana hajui kutazama. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe katika methali hii kwa kawaida hueleweka kama onyo kwa mgeni mvivu. Laweza pia kusomwa kama heshima, kwani aliyepewa jembe amehesabiwa miongoni mwa watu wa shamba. Msomaji anayeendelea kuwekewa nambari hadi ukurasa wa mwisho hajawahi kupewa jembe.

Nchini Kenya jaribio lililofika mbali zaidi katika miaka ya karibuni ni Shujaaz, lililoanza mwaka 2010 likigawanywa bila malipo na kuandikwa kwa Sheng. Shujaa wake mkuu ni kijana aliyemaliza shule, hana kazi, naye anatangaza kwa siri katika redio aliyoiunda mwenyewe. Nguvu yake ni sauti yake tu. Ubingwa wa toleo hilo ni kwamba lilimkuta msomaji katika lugha anayoitumia mtaani. Ila mtaa huo ni wa Nairobi. Sheng inayomfungulia mlango kijana wa Eastlands yaweza kumfungia mwenzake wa Ngao, au angalau kumfanya ahisi kwamba hadithi inazungumza na mtu aliyesimama nyuma yake. Upatikanaji wa maandishi si sifa iliyomo ndani ya maandishi. Ni uhusiano kati ya maandishi na msomaji fulani wa mahali fulani, na mwandishi anayesema kazi yake inaeleweka na wote hajaulizwa bado: wote gani? Wapokomo wanayo sababu ya pekee ya kulikumbuka swali hili. Wimbo wa bembelezi wa Kipokomo, uliotungiwa msikilizaji mchanga kuliko wote, ndio uliotoa lahani ya wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963. Taifa zima lilipewa lahani, na maneno ya Kipokomo yakabaki mtoni. Pengine haikuwezekana vinginevyo. Lakini anayetaka kujua kurahisisha kunagharimu nini, na nani hulipa, ana mfano huo karibu.

Sasa kisa cha Liyongo kitazamwe katika mahali pake pagumu. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, aliyetoa siri ni mwana wa Liyongo, na mama wa kijana huyo ni mwanamke wa watu ambao utenzi unawaita Wagala. Watu hao walifika Pate kwa biashara, wakasikia habari za Liyongo, wakamwona, wakavutiwa naye mno hata wakataka apate mtoto katika ukoo wao. Ndoa ikafungwa na mwana akazaliwa. Baadaye Sultani anamwita kijana huyo, anamwahidi cheo na binti yake wa kuoa, na kumtuma akamwulize baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Kijana anakwenda na kuuliza. Baba anatambua kwamba ametumwa, na bado anamjibu.

Mhariri anayemtakia msomaji mpya raha atatazama mfuatano huu na kujua pa kukata. Mazungumzo ya barazani hayana vita. Picha zake ni za watu wawili wameketi. Mtoto wa miaka kumi na miwili, atasema mhariri, anangojea sindano; apewe sindano. Basi ahadi za Sultani zinabanwa katika sentensi moja ya maelezo juu ya kisanduku, au zinaachwa kabisa, na katika ukurasa unaofuata kijana yuko mlangoni kwa baba yake na shaba mkononi. Hadithi imekuwa fupi, imekuwa nyepesi, na kwa kipimo cha ufundi imekuwa bora. Lakini imegeuka. Katika utenzi usaliti una mnunuzi, tena mnunuzi huyo ndiye mwenye mamlaka, mali na woga. Katika hadithi iliyofupishwa usaliti hauna sababu, na msomaji asiyepewa sababu huitafuta mwenyewe. Ataikuta iliyo karibu, nayo ni mama wa kijana.

Hapa ndipo Ngao inapoacha kuwa mfano wa darasani. Jina Wagala lilitumiwa kwa muda mrefu na watu wengine kuwaita Waoromo, na wenyewe wanalikataa kama tusi. Miongoni mwa jamaa zao ni Waorma, wafugaji wanaoishi katika bonde hilo hilo la Tana, wakishiriki na Wapokomo wakulima maji ya mto, malisho ya kiangazi na njia za mifugo. Mwaka 2012 hadi mwanzoni mwa 2013 mapigano kati ya jamii hizi mbili katika delta ya Tana yaliwaua watu zaidi ya 100, wakiwemo wanawake na watoto. Waliokuwa watoto wachanga wakati huo ndio waliokuja kukaa katika madawati ya shule za Garsen, Wapokomo na Waorma pamoja. Kumpa mtoto wa namna hiyo kitabu cha picha ambamo shujaa wa pwani anauawa na mwana wa mwanamke wa Kiorma, bila sababu yoyote iliyochorwa, ni tendo ambalo haliwezi kutetewa kwa hoja ya kwamba kurasa zilikuwa chache.

Msiba huu wa kufupisha hauko pwani peke yake. Lwanda Magere wa Waluo, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na udhaifu wake ulikuwa kivulini, naye alifikiwa na adui kupitia mke aliyetoka kwa adui. Terry Hirst alimtia shujaa huyo katika mfululizo wake wa hadithi za picha, Pichadithi, uliotolewa Nairobi, na wanafunzi wengi wa Kenya wanamjua Magere kwa njia ya namna hiyo kuliko kwa mdomo wa mzee. Hadithi za mashujaa wasiodhurika zinahitaji mtu wa ndani wa kufungua mlango, na mtu wa ndani aliye rahisi kumtilia shaka ni yule aliyetoka nje. Ni jambo la muundo wa kisa. Kwa sababu ni la muundo, halitaondoka lenyewe. Lazima msimulizi aamue atalitendea nini.

Njia ya kwanza ni kuliacha kila kitu kama kilivyo katika utenzi, jina la tusi pamoja, kwa heshima ya Kijumwa na waliomtangulia. Wanaoitetea wanayo haki kwa kiasi fulani. Matini ya zamani si mali ya anayeishi leo, na mhariri anayeanza kwa kufuta neno moja hajui ataishia wapi. Hata hivyo, wanasahau kwamba hadithi ya picha si toleo la utenzi. Mwanachuo anayehariri hati ya 1913 anawajibika kwa hati. Anayechora kwa ajili ya mtoto wa Ngao anawajibika kwa mtoto, na hawezi kujificha nyuma ya maandishi ambayo mtoto huyo hajayaona.

Njia ya pili ni kuwaondoa kabisa watu hao: Liyongo awe na mwana tu, asiyetajwa mama yake, au awe na mpwa kama ilivyo katika baadhi ya masimulizi. Hii ndiyo njia inayopendwa, maana haina kelele. Lakini inamnyang'anya mtoto wa Kiorma kitu cha thamani. Katika utenzi watu wa mama wa kijana si maadui wa Liyongo. Ndio wageni waliomwona jinsi alivyo na kumpenda, wakati Sultani wa mji wake mwenyewe alikuwa akimtafutia kifo. Wanaheshimu kile ambacho Pate inakiogopa. Ukiwafuta kwa ajili ya amani, umewafuta pia kutoka katika orodha ya waliomtukuza shujaa, na Liyongo anabaki mali ya upande mmoja wa mto. Ni amani ya namna gani hiyo?

Njia ya tatu ni ngumu zaidi kuitekeleza, na ndiyo inayostahili kuchaguliwa. Hadithi ya picha ina chombo ambacho utenzi hauna kwa uwazi huo: hutenganisha kwa macho sauti ya msimulizi na sauti ya mhusika. Maelezo hukaa katika kisanduku chake juu ya picha, na maneno ya mtu hutoka kinywani mwake. Basi msimulizi na awaite watu hao Waoromo, kwa jina wanalojiita. Jina la zamani na litoke kinywani mwa watu wa baraza la Pate, watu wale wale wanaopanga njama, ili msomaji auone uso wa anayelitamka. Hapo neno halijafutwa wala halijatolewa kama neno la kawaida. Limerudishwa kwa mwenyewe. Zaidi ya hayo, kurasa za barazani zisikatwe. Ahadi ya Sultani ichorwe kwa kirefu: cheo, binti, vitambaa, jinsi kijana anavyoketishwa mahali pa juu ambapo hajawahi kuketi. Mchoraji hodari anaweza kuifanya karamu hiyo iogopeshe kuliko vita vyovyote. Ikiwa inamchosha msomaji mpya, kosa ni la mchoro, na dawa yake ni kuchora vizuri zaidi.

Pingamizi moja halina jibu kamili. Utenzi wenyewe, katika sauti yake ya usimulizi, hutumia jina lile bila aibu, wala si watu wa baraza pekee. Kulihamishia kinywani mwa wabaya ni kuifanya hadithi iwe safi kuliko ilivyokuwa, na msomaji atakayekua akaufungua utenzi atagundua kwamba alifichwa kitu. Yafaa agundue. Neno fupi mwishoni mwa kitabu lingeweza kumwambia mapema kwamba wazee waliosimulia kisa hiki waliwaita jirani zao kwa jina ambalo jirani hao hawakulipenda, na kwamba jina limebadilishwa kwa sababu hiyo. Mtoto wa Garsen hahitaji kufundishwa kwamba jirani huitana majina mabaya. Anachohitaji ni kuona kwamba mwandishi naye anajua.

Limebaki tukio la kisimani, ambalo ni mtihani wa aina nyingine. Liyongo amekufa akiwa amepiga goti, upinde umevutwa, mshale umeelekezwa mbele. Watu wa mji wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai, na kwa siku kadhaa hakuna anayethubutu kuteka maji. Mama yake analetwa amsihi. Hadithi za picha zilizozoea kumshika msomaji mkono zingeweka hapa kisanduku cha maelezo: hakujua mtu kwamba shujaa alikuwa amekwisha kufa. Sentensi hiyo ingeeleweka na kila mtu, nayo ingemtoa msomaji miongoni mwa watu wenye kiu na kumweka mahali salama ambapo hakuna la kuogopa. Kurasa hizi hazihitaji neno lolote. Zinahitaji mtu aliyepiga goti, ndoo tupu, na jua linalosogea kutoka picha moja hadi nyingine, mpaka mwili uanguke. Na mahali fulani pembeni mwa picha hizo, miongoni mwa umati unaongojea maji, achorwe kijana aliyeahidiwa binti wa Sultani, ambaye peke yake kati ya wote anajua kwa nini upinde ule hautafyatuka.